Dan Osborn, fundi wa mabomba wa Omaha: ana ubavu wa kumng'oa Seneta Ricketts?

Kariakoo_Omaha (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Siasa za Marekani humu ndani huwa ni Trump asubuhi, Trump jioni. Leo naomba mje huku Nebraska ninakoishi, maana Novemba 3, 2026 kuna mchuano wa useneta ambao wengi wanaupita juujuu.

Upande mmoja yupo Pete Ricketts wa Republican, seneta aliyeko madarakani, gavana wa 2015 hadi 2023. Baba yake ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya hisa ya TD Ameritrade, na familia yao ndiyo inayomiliki timu ya besiboli ya Chicago Cubs. Upande wa pili yupo Dan Osborn, fundi wa mabomba ya mvuke, aliwahi kuwa jeshi la majini, akafanya kazi miaka mingi kiwanda cha Kellogg's hapa Omaha na kuongoza mgomo wa wafanyakazi wa 2021. Hana chama. Si Republican, si Democrat.

Mwaka 2024 alipambana na Seneta Deb Fischer. Akapata asilimia 46.5, mama akapata 53.2. Siku hiyohiyo Trump alimwacha Kamala Harris hapa kwa pointi 20. Maana yake kuna maelfu ya watu waliompa Trump kura ya urais, kisha wakashuka chini ya karatasi wakampa fundi wa mabomba useneta.

Dai langu: mwaka huu anaweza kushinda. Anayemdharau hajapiga hesabu. Karibuni.

Nyundo_Nzito

Mkuu huyo anapigwa mapema kabisa. Nebraska haijawahi kupeleka Seneti mtu asiye na chama tangu dunia iumbwe. Na Ricketts hajawahi kushindwa uchaguzi. Tusimalize bando kwa mambo yaliyokwisha.

Msomi_wa_Usiku

@Nyundo_Nzito yote mawili si kweli.

George Norris alichaguliwa seneta wa Nebraska mwaka 1936 akiwa hana chama. Alikuwa Republican miaka yote, akajitoa, akasimama peke yake, akashinda. Ndiye huyohuyo aliyewashawishi wananchi wawe na bunge la jimbo lenye chumba kimoja lisilo na vyama, ambalo lipo mpaka leo na lina wajumbe 49. Hakuna jimbo jingine Marekani lenye bunge la namna hiyo. Kwa hiyo kumchagua mtu bila kutazama kofia ya chama si jambo geni kwa watu wa huko.

La pili, Ricketts aligombea useneta 2006 dhidi ya Ben Nelson wa Democrat. Alitia karibu dola milioni 12 za mfukoni mwake na akapata asilimia 36 tu.

Nyundo_Nzito

Norris ni enzi za mababu, na mwaka 1942 walimtoa. Ben Nelson alikuwa seneta na gavana mstaafu, si mtu wa kubeba spana. Nionyeshe mtu wa kawaida aliyeshinda huko, mwaka wowote wa karibuni. Huyo Nelson wa 2006 ndiye Democrat wa mwisho kushinda kiti cha jimbo zima Nebraska. Miaka 20 sasa!

Mwana_wa_Mrima

Sasa hapo umemsaidia mwanzisha uzi bila kutaka. Kama Democrat hashindi miaka 20, basi njia pekee ya kumshinda Republican ni mtu asiye Democrat. Ndiyo maana Osborn yuko mbele kuliko wote waliojaribu.

Takwimu_Baridi

Niweke namba mezani halafu mgombane vizuri.

Waliojiandikisha Nebraska: karibu nusu ni Republican, Democrat ni robo na kidogo, wasio na chama ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Kwa hiyo Osborn akipata Democrat wote na wasio na chama wote, bado anahitaji kuwavuta Republican kadhaa. Na "wote" haipo katika uchaguzi wowote.

Mwaka 2024 Fischer alipata kura 499,000 na ushee, Osborn 436,000 na ushee. Harris alikuwa chini ya 370,000. Osborn alimzidi mgombea urais wa Democrat kwa kura zaidi ya 60,000. Na pengo lake kwa Fischer ni karibu idadi ileile. Kazi aliyoifanya 2024 inabidi aifanye tena, lakini karatasi hii hakuna Trump wa kuwavuta watu wake vituoni.

Wenzake waliojaribu njia hii majimbo mekundu (ngome za Republican): Greg Orman, Kansas, 2014, Democrat alijitoa kumpisha, tafiti za maoni zikasema anaongoza, akaanguka kwa zaidi ya pointi 10. Al Gross, Alaska, 2020, akaanguka kwa zaidi ya 12. Evan McMullin, Utah, 2022, Democrat wakamwachia uwanja, akaanguka kwa zaidi ya 10. Osborn alianguka kwa chini ya 7. Ni bora kuliko wote, ila wote wameanguka.

Kariakoo_Omaha

Asante kwa namba, mkuu. Ongeza na hii: hao watatu hakuna aliyetoka karakana. Orman mfanyabiashara, Gross daktari wa mifupa, McMullin mtu wa ujasusi. Osborn akisimama kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi haelezwi na mtu, anajieleza. Mwaka 2024 nilimsikiliza hapa South Omaha. Mzee mmoja, fundi wa kuchomelea, kofia ya Trump kichwani, alimuuliza kuhusu sheria ya kumruhusu mkulima atengeneze trekta lake mwenyewe bila kulazimishwa kwenda kwa wakala. Wakaongea dakika nyingi juu ya programu inayofunga injini. Mzee akachukua bango la kuchomeka uani. Hilo bango alichomeka kando ya lile la Trump, nilipita nikaliona.

Jaji_wa_Mtaa

Bango halipigi kura mkuu wangu. Ingekuwa mabango yanapiga kura, kwetu Mwanza wangeshinda wengine kabisa.

Mimi naona tunachanganya mambo mawili. Je, 2024 watu walimpenda Osborn, au walikosa alama ya Democrat ya kuichukia? Maana mwaka huohuo Nebraska walikuwa na viti viwili vya useneta kwenye karatasi moja. Ricketts aligombea kumalizia muda wa Ben Sasse, seneta aliyejiuzulu, mpinzani wake Preston Love alikuwa na herufi ya Democrat pembeni ya jina. Ricketts akapata karibu asilimia 63. Fischer akapata 53. Wapiga kura walewale, siku ileile.

Kama siri ni kukosa herufi ile, Ricketts safari hii ataumia kama Fischer. Kama siri ni kwamba Fischer alikuwa dhaifu, basi Ricketts yuko salama. Nani ana jibu?

Mwana_wa_Mrima

Fischer alikuwa dhaifu, hilo liko wazi. Mwaka 2012 aliahidi atakaa vipindi viwili tu, 2024 akaomba cha tatu. Ahadi ya namna hiyo wapiga kura huwa hawaisahau.

Msomi_wa_Usiku

Hapana, mimi naamini ni herufi. Karatasi ya kura ya Nebraska 2024, pembeni ya jina la Osborn paliandikwa kwamba ameingia kwa maombi ya wananchi, basi. Sheria ilimtaka sahihi 4,000 za wapiga kura. Mtu wa shambani akiona hivyo hana sababu ya kukunja uso kabla hajasoma jina.

Na tazameni wanavyopiga kura kwenye maswali yasiyo na herufi. Mwaka 2022 walipitisha kima cha chini cha mshahara kipandishwe hadi dola 15 kwa saa ifikapo 2026. Mwaka 2024 walipitisha likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa karibu robo tatu ya kura, na bangi ya tiba kwa zaidi ya asilimia 70. Jimbo hilohilo lililompa Trump pointi 20! Watu hawa si wagumu kwa hoja ya mfanyakazi. Ni wagumu kwa jina la chama.

Nyundo_Nzito

Siku hiyohiyo pia walipitisha ukomo wa utoaji mimba wa wiki 12 na wakakataa pendekezo la upande wa pili. Usichague nyama ukaacha mifupa.

Chapakazi

Nyie mnasahau kitu kimoja: kushtukiza. Mwaka 2024 watu wa Republican walilala. Walidhani Nebraska ni salama, fedha zao wakazipeleka Montana na Ohio. Mwezi wa tisa na wa kumi ndipo wakashtuka, wakaleta mamilioni ya matangazo, na Trump mwenyewe akatokea akimpigia debe Fischer. Wiki zile za mwisho zilitosha kumwokoa. Safari hii hakuna wa kulala. Ricketts ana fedha zake na za baba yake na anamjua adui tangu Julai 2025 Osborn alipotangaza. Mwizi akishaingia mara moja, mwenye nyumba hufunga madirisha yote.

Kariakoo_Omaha

@Chapakazi hii ndiyo hoja inayoninyima usingizi kuliko zote, nakubali ni nzito. Ila pesa za Ricketts zina makali pande zote mbili. Wabunge wa jimbo walipofuta adhabu ya kifo mwaka 2015, wakapindua na kura yake ya turufu akiwa gavana, alitoa fedha zake binafsi kukusanya sahihi ili swali lirudi kwa wananchi, na 2016 likarudi, adhabu ikarejeshwa. Wanaompenda wanasema huyo ndiye mtu wa kusimamia anachoamini. Wengine, hata wanaokubali adhabu yenyewe, hawakupenda kuona gavana akilipia kupindua bunge. Osborn sasa hana haja ya kutunga kampeni: anasema yeye ni mfanyakazi na yule ni tajiri, na kila tangazo la Ricketts likilipiwa linakuwa ushahidi wa upande wa Osborn.

Mama_Salma_Lexington

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimesoma tangu juu, mnaongea Omaha na Lincoln tu. Mimi niko Lexington, kaunti ya Dawson, katikati ya jimbo. Kiswahili changu ni cha kambi ya Dadaab, mnivumilie.

Huku mji wa watu 11,000 hivi. Novemba 2025 kampuni ya Tyson walitangaza kufunga kiwanda cha nyama Januari 2026, wafanyakazi kama 3,200. Hebu fikirini mji wa namna hiyo. Wasomali tuko wengi, Walatino wengi zaidi, na wazungu wenye maduka na benki na shule wanatutegemea sisi tununue. Jirani yangu mzungu, mkulima wa mahindi, amekuwa Republican maisha yake yote. Kiwanda kilipotangazwa alikuja mlangoni akasimama na kofia mkononi, akaniuliza watoto wataendelea na shule hapa au tunahama. Akasema dereva wa basi la shule ni mke wake, watoto wakipungua na yeye kazi hana.

Sijui atampigia nani. Sikumuuliza. Lakini nawaambia, huku watu wanaongea mambo ambayo 2024 hawakuyaongea.

Takwimu_Baridi

Pole sana mama Salma, na asante. Nyongeza kwa wasiojua uzito wa nyama huko: jimbo lina watu milioni mbili hivi na ng'ombe milioni sita hivi. Oktoba 2025 Trump aliposema Marekani inunue nyama zaidi kutoka Argentina ili bei ishuke, wafugaji wa Nebraska walikasirika waziwazi, na hata Fischer, ambaye familia yake ni ya wafugaji, alipinga. Mwaka huohuo China iliacha kwa miezi kununua soya ya Marekani. Hao ni watu wa wilaya ya tatu ya uchaguzi, ya magharibi, ambako Osborn alipigwa vibaya zaidi 2024.

Nyundo_Nzito

Mfugaji akikasirika haendi kwa mgombea asiye na chama. Anabaki nyumbani, au ananung'unika na kupiga kura ileile. Nimeishi na wakulima wa korosho Mtwara, nawajua wakulima.

Mwana_wa_Mrima

Nyundo bwana, korosho na ng'ombe wa Nebraska wapi na wapi! 😄

Meru_Halisi

Wazee, niongee kama Mkenya. Sisi mgombea huru tumemwona kwa macho. Katiba ya 2010 inamruhusu, na 2022 Meru tulimchagua Kawira Mwangaza ugavana bila chama. Akamwangusha Kiraitu Murungi aliyekuwa gavana, na Mithika Linturi wa chama cha UDA, kwenye kaunti ambayo UDA ilikuwa inavuma. Watu walisema hivihivi: hana ubavu. Kumbe alikuwa amezunguka vijijini miaka kadhaa akigawa ng'ombe na kujengea maskini nyumba.

Kwa hiyo kushinda inawezekana. Shida inakuja siku ya pili. Bunge la kaunti halikuwa na mtu wake, wakamng'oa mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka Seneti ikaidhinisha Agosti 2024. Mtu bila chama akipigwa hana wa kumkinga. Osborn akifika Washington atakaa na nani?

Msomi_wa_Usiku

Seneta hang'olewi na madiwani, tofauti ni kubwa. Ila swali la atakaa na nani ni la msingi. Angus King wa Maine na Bernie Sanders wa Vermont hawana chama lakini wanakaa na Democrat, ndiyo maana wanapata kamati. Osborn amesema hatajiunga na upande wowote. Hapo ndipo Ricketts atampiga kila siku: "Huyu ni Democrat aliyejificha."

Jaji_wa_Mtaa

Na si ni kweli? Democrat si ndio waliomsimamisha?

Kariakoo_Omaha

Hapana, mkuu, hili watu wanalikosea sana. Mwaka 2024 Democrat hawakuwa na mgombea kwenye kiti kile, wakatarajia wamuidhinishe yeye. Akakataa kuidhinishwa na chama chochote, na viongozi wao hapa wakakasirika hadharani. Wapiga kura wao wengi walimpigia, ndiyo. Lakini hakuwa mtu wao.

Bonde_la_Rukwa

Nasoma huu uzi kwa wivu. Hapa kwetu Tanzania mtu kama Osborn hata karatasi asingeiona. Marehemu Mchungaji Mtikila alilipigania jambo la mgombea binafsi tangu miaka ya 90. Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba. Mahakama Kuu ikamkubalia tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, Juni 2013 wakasema haki yake imevunjwa. Akafariki 2015 kwa ajali ya gari na sheria ikiwa vilevile. Mwenzenu fundi wa mabomba anatafuta sahihi 4,000 na mlango unafunguliwa!

Jaji_wa_Mtaa

Bonde umegusa kidonda. Fungua uzi wake tuje.

Mwana_wa_Mrima

+1. Na mod usiufute.

Kivu_Lincoln

Bandugu, miye niko Lincoln, nilitoka Bukavu. Nimekuwa raia, nitapiga kura. Nauliza kitu kimoja tu: mbona hakuna mtu anasema habari ya mpaka? Mwaka 2024 Osborn aliweka tangazo kwenye televisheni akisema mambo ya mpaka na ya China yeye na Trump ni wamoja. Juni 2025 pale Omaha maofisa wa uhamiaji waliingia kiwanda cha nyama wakabeba watu wengi. Sisi tunatumika na bale batu. Nitampigia aje mtu bila kujua atasema nini siku ile?

Mama_Salma_Lexington

Ndugu wa Kivu umesema ya moyoni mwangu. Miye pia najiuliza. Ila Ricketts najua msimamo wake bila kuuliza.

Chapakazi

Hapo sasa ndipo mtego ulipo. Akilainika kwenye uhamiaji anampoteza yule mzee wa kofia ya Trump. Akikaza anampoteza ndugu wa Kivu. Kura 60,000 hazipatikani bila wote wawili.

Kariakoo_Omaha

@Kivu_Lincoln swali lako ni halali na sitakupaka mafuta: lile tangazo nililiona na sikulipenda. Nitampigia kwa sababu ya kazi, mishahara na mabilionea. Ukimpata mkutanoni muulize ana kwa ana, kwa sababu huwa anabaki mpaka watu waishe ukumbini.

Kuna jambo hatujaligusa: Don Bacon, mbunge wa Republican wa wilaya ya pili hapa Omaha, hagombei tena. Kiti kiko wazi. Wilaya hii ina kura yake moja ya kumchagua rais, ikampa Biden 2020 na Harris 2024. Patawaka moto huku, na watu watakaotoka kwa ajili ya kiti cha Bacon watakutana na jina la Osborn kwenye karatasi hiyohiyo.

Takwimu_Baridi

Kweli, lakini Omaha na Lincoln alizishinda tayari 2024 na hazikutosha. Hata akiongeza huko, lazima apunguze kipigo cha magharibi. Mimi kwa namba nampa nafasi moja kati ya nne. Asinirushie mtu mawe.

Nyundo_Nzito

Moja kati ya ishirini. Tuandikiane.

Meru_Halisi

Mimi nasema nusu kwa nusu, kwa sababu nilimwona Kawira.

Kivu_Lincoln

Mara ya mwisho ya kujiandikisha ni lini? Mke wangu amepata uraia majuzi.

Kariakoo_Omaha

Hongera sana kwa shemeji. Hapa mwisho wa kujiandikisha ofisini kwa kamishna wa uchaguzi ni Ijumaa ya pili kabla ya uchaguzi, yaani Oktoba 23. Kwa mtandao ni wiki moja kabla ya hapo. Msisahau kitambulisho chenye picha, siku hizi ni lazima.

Bonde_la_Rukwa

Na sisi wa huku tutazame saa ngapi?

Takwimu_Baridi

Vituo vinafungwa saa mbili usiku ya Omaha. Dar na Nairobi itakuwa saa kumi na moja alfajiri, Jumatano. Kura za mapema za Omaha na Lincoln hutangulia, kwa hiyo Osborn akionekana mbele saa ya kwanza msishangilie. Subirini kaunti za katikati: Hall, Buffalo, na Dawson ya mama Salma.

Mama_Salma_Lexington

Dawson nitawaletea mimi mwenyewe, inshallah. Nimeomba kazi ya ukarani kituoni.